Hilo neno "tu" kwenye makala yenu ya grafiksi kadi limeniuma

Mhariri, habari za kazi.

Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi, naishi Tabata, gazeti nalichukua kituoni asubuhi alafu nalimalizia kwenye foleni ya Buguruni. Sijawahi kuwaandikia, hata ile siku mlipoweka msimamo wa ligi wa wiki ya nyuma nilinyamaza. Ila kwenye ukurasa wenu wa teknolojia mmeandika kwamba mtu mwenye kompyuta ya zamani nyumbani, akitaka iweze video za HD na gemu, "aweke tu grafiksi kadi" (kile kibao cha ziada kinachotengeneza picha ya kwenye skrini). Sibishi, kadi inasaidia, ninayo hapa chini ya meza inazunguka. Ninachobishia ni hilo "tu". Hilo "tu" limenila laki nne na nusu, wakati kompyuta yenyewe nzima pamoja na monita niliinunua laki tatu na nusu.

Kompyuta yangu ni Dell OptiPlex 7020, ile ya kusimama, prosesa (ubongo wake) ni Intel i5 jenereshen ya nne, ram gigabaiti 8. Ni mtumba, zile ambazo maofisi ya nje yakishazichoka zinapakiwa kwenye makontena zinakuja kwetu, na siziponde hata kidogo maana nusu ya stationery za mji huu zinaendeshwa na hizo hizo. Mi naitumia kwa hesabu za kazini na muvi za usiku, mwanangu wa kidato cha tatu anaitumia kwa kile anachokiita kujisomea.

Balaa lilianza na harusi ya mdogo wangu wa kike mwezi Desemba. Mpiga video alikuwa wa kisasa, katukabidhi flashi basi, hamna mambo ya DVD, anasema kazi yote ni 4K. Jumapili tukakusanyika sebuleni, mama yupo, shangazi katoka Morogoro, bwana harusi mwenyewe kakaa hapo, nabofya, picha inaganda, inaruka, inaganda tena. MC anamkaribisha bibi harusi ukumbini kwa vigelegele wakati kwenye skrini mguu mmoja wa bibi harusi bado uko ndani ya gari. Shangazi akauliza kwa upole kama ndo ilivyotengenezwa. Nikailaumu flashi, nikamlaumu mpiga video wa watu, nikampigia na simu kabisa, kumbe wote hawana kosa.

Kosa lilikuwa hapa, na makala yenu ilitakiwa ianzie hapa. Video kwenye flashi imekunjwa ili ienee, kompyuta inaikunjua fremu moja moja wakati wewe unaangalia. Fremu moja ya 4K ina nukta 3840 kwa 2160, yani zaidi ya milioni nane, mara nne ya full HD ambayo ni 1920 kwa 1080, na kwenye hii harusi yetu zilikuwa zinapita fremu 25 kila sekunde. Sasa kamera nyingi za siku hizi zinakunja kwa mtindo wa HEVC, wengine wanauita H.265, unabana sana ila kuukunjua ni shughuli. Prosesa za Intel za jenereshen ya nne zilianza kutoka 2013, ndani yake kuna kipande maalumu cha kukunjua video ila kinaijua H.264 na za kabla yake, HEVC hakiijui, kwahiyo mzigo wote unaiangukia prosesa yenyewe iufanye kwa nguvu za mikono. Nilifungua Taski Meneja, pale Windows inapoonyesha mzigo wa kompyuta, nikakuta prosesa iko asilimia mia, feni inalia kama mashine ya kusaga mahindi.

Mpwa wangu anasoma mambo ya kompyuta chuoni, na alikuja kuniambia wakati hela imeshatoka kwamba kwa ile harusi peke yake sikuhitaji kununua chochote. Kuna programu ya bure inaitwa HandBrake, unaipa ile video ya 4K unaiambia itoe ya full HD kwa H.264, unaiacha usiku kucha ikichemka, asubuhi unaangalia harusi bila kukwama. Na YouTube hivo hivo, inatuma video kwa mtindo wa VP9 au AV1 ambao kompyuta ya zamani inahangaika nao, kuna kikorombwezo cha kwenye brauza kinaitwa h264ify kinailazimisha itume ile H.264, mwisho unapata full HD na hiyo inatosha kabisa. "Anko, ungeniuliza kwanza," ndo maneno yake. Sikumuuliza. Nilikuwa nimesikia kwa watu hilo hilo mnaloliandika nyie, weka tu kadi, na mwanangu naye akachochea maana alikuwa na gemu lake la mpira linamsubiri.

Jumamosi nikaenda Kariakoo. Duka silitaji na mtaa siutaji. Kijana wa pale mchangamfu, kanipa na kiti, akanitolea kadi iko kwenye boksi jipya linang'aa. "Mzee wangu, chukua hii, GTX 1050 Ti, gigabaiti nne, gemu zote zinapita. Alafu hii ina VGA kabisa, monita yako ya zamani unachomeka moja kwa moja." Nilifurahia hiyo VGA, lile tundu la monita za zamani, kuliko kitu chochote, nikaona huyu kijana ananijali. Laki moja na themanini. Wakati naondoka akaniita, "Ila mzee, draiva tumia zilizomo kwenye hiyo sidii, usije ukaapudeti mtandaoni, utaiua kadi." Draiva ndo programu inayoifanya kompyuta ielewane na kadi, nikamshukuru kwa ushauri jamani. Risiti imeandikwa kwa mkono, "grafiksi kadi 1", basi, hamna jina hamna namba.

Nyumbani nikafungua lile boksi la kompyuta ambalo sisi wote tunaliita sipiyu ingawa sipiyu ni kile kidude cha ndani. Kadi ikaingia vizuri, ila pembeni ina tundu la umeme la pini sita na mi kwenye pawasaplai yangu, lile boksi la ndani linalogawa umeme, sina waya wa pini sita. Nikampigia fundi wa mtaani, akaja na kiunganishi cha elfu nane, upande mmoja unachomeka kwenye waya wa hadidiski, upande wa pili unatoa pini sita. Ikawaka, na mwanangu akapiga kelele kama kafunga yeye goli.

Sasa Mhariri naomba hapa msomaji anisikilize maana hapa ndo watu wanaunguza nyumba. Ile sloti ambayo kadi inakaa inatoa umeme usiozidi wati 75. Kadi ikihitaji zaidi ya hapo ndo inawekewa tundu la pembeni, pini sita inaongeza wati 75 nyingine, pini nane inaongeza 150. Ule waya wa hadidiski umetengenezwa kubeba kama wati 54 kwenye laini yake ya volti 12, hauwezi kulisha tundu la wati 75 ukategemea upoe. Na pawasaplai ya hizi Dell za kusimama ni wati 290 kwa kompyuta nzima, alafu usidhani utaenda dukani ununue pawasaplai yoyote kubwa ubadilishe, hapana, plagi yake ya kwenye mazabodi, kile kibao kikubwa kinachobeba vyote, ni ya pini nane za kwao wenyewe wakati pawasaplai za kawaida zina pini 24, unahitaji tena kiunganishi kingine. Na wenye zile ndogo za kulala ndo kabisa, zenyewe zinapokea kadi fupi peke yake, kadi ya kawaida hata mfuniko haufungi. Haya yote yanaonekana kwa kufungua boksi na bisibisi kabla hujatoa hela mfukoni, mi nilifungua baada.

Siku tatu. Siku ya tatu usiku mwanangu yuko kwenye gemu, skrini ikawa ya bluu, akawasha, ikazima tena, mara ya tatu nikasikia harufu ya plastiki inaungua nikachomoa ukutani. Kile kiunganishi cha elfu nane kilikuwa kimelainika kama ubani. Na video ya harusi? Ilikuwa inaganda vile vile tangu siku ya kwanza, mi nikajipa moyo kwamba labda draiva haijakaa sawa.

Mpwa akaja na flashi yake, akaweka kijiprogramu kidogo cha bure cha kuikagua kadi, kinaitwa GPU-Z. Kikafunguka, mwanzoni kabisa mwa jina la kadi kimeandika kwa herufi kubwa kwamba ni feki. Inaelekea wanaopigwa ni wengi hadi tangu 2018 wenye programu yao wameiwekea uwezo wa kuwakamata. Ndani ya lile boksi linalong'aa kulikuwa na GTS 450, kadi ya mwaka 2010, wamechezea bayosi yake, ile programu iliyomo ndani ya kadi yenyewe, ijitambulishe kwa jina la mwenzake aliyezaliwa 2016. Vikokotoo, vile vidude vya kupiga hesabu ndani ya chipu, ni 192 wakati 1050 Ti ya kweli inavyo 768. Memori wameandika gigabaiti 4 ila ya kweli ni 1, kwahiyo gemu likijaza ile moja likitaka kuendelea linakuta ukuta, ndo hiyo skrini ya bluu. HEVC haiijui, ilizaliwa kabla HEVC haijakuwepo. Na draiva, Nvidia, wenye kutengeneza chipu za kadi hizi, waliacha kuzitengenezea kadi za ukoo huo draiva mpya tangu 2018, ndo maana yule kijana hakutaka niapudeti, draiva halisi ya 1050 Ti ingeikataa hapo hapo na siri ingetoka.

Alafu ile VGA niliyoifurahia, mpwa alicheka mpaka akakaa chini. Nvidia kwenye ukoo wa 1050 Ti waliondoa kabisa mawimbi ya analogi, chipu yenyewe haitoi VGA, ina HDMI, DisplayPort na DVI ya dijitali. Kwahiyo kile kilichonifanya nimwone yule kijana ananijali ndo alama ya kwanza ya kwamba napigwa.

Nikarudi dukani. Ukutani pameandikwa bidhaa ikishauzwa hairudishwi, kijana wa kwanza hayupo, aliyekuwepo ananiambia mzee hii kadi umeiunguza mwenyewe kwa waya mbovu, na kwa kweli waya kweli ulikuwa mbovu ndo maana nilikosa pa kushika, na risiti inasema "grafiksi kadi 1" na kweli ni grafiksi kadi na ni moja. Tukabishana kwa heshima kama saa nzima, nikaondoka na kibodi mpya, mausi, na pole. Kibodi ndo hii nayoandikia.

Mara ya pili nilienda na mpwa kama mtu anavyoenda na mshenga. Tukapata 1050 Ti ya mtumba kwenye duka jingine, haina tundu la umeme pembeni maana hizi za kweli nyingi zinatosheka na zile wati 75 za sloti, haina VGA, laki mbili na nusu. Mpwa akasema hatulipi mpaka iwake. Mwenye duka alinuna kidogo ila akaiweka kwenye kompyuta yake, GPU-Z ikasoma vikokotoo 768, tukaiwashia FurMark, programu ya kuikamua kadi kwa nguvu zote, dakika kumi na tano nzima, joto likapanda likasimama kwenye sabini na kitu, feni haikwaruzi, hamna vidoti vya rangi kwenye skrini. Hapo ndo nikahesabu hela. Mwenye duka mwenyewe mwishoni akakubali kuandika kwenye risiti jina zima la kadi na memori yake na wiki mbili za kurudisha, sikumlazimisha, nilimuomba tu.

Nyumbani tukaongeza elfu kumi na tano ya kibadilishi cha HDMI kwenda VGA, kile chenye chipu ndani, maana monita yangu ni ya zamani. Tukawasha, skrini nyeusi. Jasho. Kumbe waya wa monita bado nimeuchomeka kwenye tundu la zamani la mazabodi, sio la kadi. Usinicheke, mpwa anasema robo ya simu za msaada anazopigiwa ni hilo. Tukahamisha, ikawaka, draiva ya Nvidia toka kwenye tovuti yao ikaingia bila kulalamika, harusi ikatembea kama maji, prosesa haifiki hata asilimia ishirini.

Ila sasa, monita yangu ni 1440 kwa 900. Hata full HD haifiki. Yani nimezunguka kote huko ili niangalie 4K kwenye skrini isiyoweza kuonyesha hata robo ya hizo nukta. Na wiki iliyofuata mdogo wangu aliichukua ile flashi akaenda nayo kwa jirani yake, wakaichomeka nyuma ya tivi, tivi ya kawaida ya hizi za kisasa, ikacheza moja kwa moja bila kompyuta wala kadi, maana tivi hizo zinakuja na kikunjuzi cha HEVC humo humo. Shangazi aliiangalia kwa simu ya video mwanzo mwisho. Mi sijaambiwa mpaka walipomaliza.

Kwahiyo Mhariri, mkirudia hiyo mada, na naomba mrudie, tenganisheni mambo mawili, video na gemu, msiyafunge mzigo mmoja. Mtu wa video peke yake hahitaji kadi ya laki mbili na nusu, heri aongeze hela kidogo wakati wa kununua mtumba achukue jenereshen ya saba kwenda mbele, Intel kuanzia hapo wameweka HEVC na VP9 ndani ya prosesa yenyewe. Au kama boksi lake ni dogo la kulala atafute kadi ndogo ya GT 1030, inakula wati 30 basi na video zote hizo inazikunjua, ila waambieni kwamba jina hilo moja linavaliwa na kadi mbili, ya 2017 yenye memori ya GDDR5 na ya 2018 yenye DDR4, na hiyo ya pili kasi ya memori yake imeshuka toka gigabaiti 48 kwa sekunde hadi kama 17, kwenye video hutaiona tofauti sana ila kwenye gemu utalia, na boksi zinafanana. Na GT 710 na GT 730 zilizojaa kila duka, muuzaji anakwambia ni za video za HD, HEVC hazina. Mtu wa gemu ndo anahitaji kadi kweli, na yeye aulize kwanza pawasaplai ina wati ngapi na ina waya gani, ram iwe vipande viwili badala ya kimoja maana prosesa inavuta kwa njia mbili, na ajue i5 ya zamani ukiifunga na kadi kubwa sana ile kadi inakaa inaisubiri kama abiria wa mwisho kwenye daladala.

Kuna jambo la kadi ya RX 580 pia. Septemba 2022 Ethereum, ile sarafu ya mtandaoni, ilipoacha uchimbaji wa kutumia kadi, kadi kibao zilizokuwa zinachemka usiku na mchana kwenye mashamba ya uchimbaji ziliingia sokoni, zikasafishwa, zikapewa boksi. Sio zote mbovu, mpwa anayo moja na inadunda, ila inakula wati karibu 185 na inataka pini nane, kwenye Dell ya wati 290 usithubutu. Na iangalie kama imeandikwa 2048SP mwishoni, hiyo ni dhaifu kuliko RX 580 kamili yenye vikokotoo 2304, bei inatakiwa iwe tofauti na huku kwetu naiona ni ile ile.

Na wenye maduka nao mnawaandikia, najua wanasoma. Tunachoomba ni kidogo: chipu gani, memori kiasi gani na ya aina gani, inataka wati ngapi, viandikwe kwenye risiti, na mteja aruhusiwe kuona inawaka. Muuzaji wa mchele anakuachia ushike kiganjani utafune punje mbili, wa kadi anakuuzia mbuzi kwenye gunia alafu anakukataza hata kufungua gunia nyumbani kwako. Bidhaa bandia zina wenyewe wa kuzishughulikia, Tume ya Ushindani, FCC, na mi nimeshaiweka ile GTS 450 kwenye mfuko na boksi lake na ile risiti ya maneno mawili nawapelekea. Mkiweza waulizeni kwenye gazeti mteja anayeletewa kadi ya jina la kuibiwa anaanzia dirisha gani, maana wengi tunaishia kupewa kibodi.

Sitawaficha kwamba hata hii ya kweli niliyonayo umri unaenda. Windows 10 msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, Windows 11 rasmi haiitaki prosesa ya jenereshen ya nne, na mwaka huo huo Nvidia wakatoa draiva ya mwisho ya gemu kwa ukoo wa 1050 Ti, kilichobaki ni marekebisho ya usalama mpaka Oktoba 2028. Mke wangu aliposikia hilo aliniuliza hiyo miaka mitatu nimelipia bei gani kwa mwezi. Bado sijapiga hesabu.

Naomba nikomee hapa, mwanangu kasimama nyuma ya kiti tangu nilipoanza aya ya tatu na luku imebaki yuniti nne.

Baba wa mcheza gemu,
Tabata, Dar es Salaam